Mwaka wa Kiti cha Majaribio

Mwaka 2020, nikiwa na miaka hamsini na minane, mpaka ulifungwa na shida ikaingia kwangu bila kubisha hodi. Asubuhi hiyo nilifika getini Busia na trei za mayai zimefungwa nyuma ya baiskeli, nikakuta askari amevaa barakoa, fimbo mkononi. Akaniambia, "Mama, rudi." Nikamwambia, mimi navuka hapa tangu wewe hujazaliwa. Akasema, "Basi umevuka ya kutosha." Wenzake wakacheka. Niligeuza baiskeli. Mayai yale tuliyala mpaka majirani wakaanza kunikwepa nikiwaita kula, yaliyobaki yakaozea nyuma ya nyumba, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zangu hata za kanisani. Malori yalikuwa yakipita. Chumvi ilikuwa na ruhusa, simenti ilikuwa na ruhusa. Mwanamke mwenye baiskeli hakuwa nayo.

Nayaandika haya kwa sababu juzi tumemzika Auma, na watu waliosimama pale walisema uongo mwingi mzuri. Mchungaji alisema tulipendana. Hatukupendana. Auma alikuwa mke mwenza wangu, nyieka, kama wanavyosema Wajaluo, na yeye alikuwa Mjaluo. Mume wetu alikuwa na nyumba moja huku Uganda, yangu, na nyingine kule Kenya, ya Auma, na alipokufa alituachia chuki na biashara. Chuki tuligawana. Biashara haikugawanyika, kwa sababu mimi nilijua wafugaji wote kuanzia Sikuda mpaka Busitema na kuendelea Tororo, na yeye aliwajua wenye hoteli wote wa upande wake. Kwa hiyo tulikutana getini, tukachuchumaa, tukayahesabu mayai mbele ya macho ya kila mmoja, yai kwa yai, na hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Miaka mingi tuliishi hivyo. Mambo mengine ya ndoa ile sitayaeleza, hayamhusu mtu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, naandika kwa herufi kubwa kubwa, na anayetaka maneno matamu aende akamsikilize mchungaji.

Mpaka ulipofungwa, dereva mmoja wa lori alikubali kubeba trei zangu kwenye kabini yake ya mbele na kumpa Auma upande wa pili. Ndipo ugomvi ulipoanza. Nani atasema yamefika mangapi mazima? Dereva alisema mazima, Auma alisema mawili yamepasuka, mimi nilisema Auma amekula. Wanawake wenzangu wa sokoni walikuwa na matatizo yale yale, wa samaki, wa ndizi, wa mitumba. Kila mmoja alikuwa na mtu ng'ambo ambaye hamwoni. Na hapo ndipo watoto wa blokcheni walipotukuta.

Walikuwa kikundi cha utafiti, vijana wenye kompyuta za kupakata, wamekodi chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Chumba kile nakijua mpaka leo. Kilinuka dawa ya kupe. Ukuta mmoja ulikuwa na unyevu uliopanda mpaka kifuani, dirisha lilikuwa na wavu uliochanika, na katikati kulikuwa na meza ya mbao na waya zilizosongamana chini yake. Kiongozi wao alikuwa Egesa, kijana wa Buhehe aliyesoma mbali, mwembamba, sauti laini, mwenye kuongoza kwaya kanisani. Wa pili alikuwa Awor, msichana kutoka Tororo asiyemtazama mtu usoni, na ndiye aliyeandika programu yenyewe. Waliniajiri mimi niwapikie mchana, posho, yaani ugali, na maharage, na mayai yangu yaliyopasuka nikawa nayachemsha kwa ajili yao. Kwa hiyo nilikuwa mule ndani kila siku wakibishana, na mtu anayemenya mayai pembeni hakuna anayemshushia sauti.

Walichokitafuta nitakieleza kama nilivyokielewa. Blokcheni wenyewe waliiita mnyororo. Auma akipokea mayai, anabonyeza kwenye simu yake, mazima au yamevunjika, na neno lake linafungwa ndani ya kitalu, yaani fungu la kumbukumbu, kitalu kinafungwa kwenye kitalu kilichotangulia, na mashine nyingi za watu wasiojuana zinakitunza. Hakuna anayeweza kurudi nyuma kubadilisha. Lakini mnyororo mzima ni mzito, haukai kwenye simu kama yangu iliyopasuka kioo. Kwa hiyo walitengeneza ukurasa wa kufungua kwenye brauza tu, bila kuweka kitu kingine chochote kwenye simu, nao wakauita mkaguzi mwepesi. Mkaguzi mwepesi anabeba vichwa vya vitalu peke yake, yaani muhtasari wa kila kitalu, pamoja na sahihi za mashahidi waliovithibitisha, anapiga hesabu yake mwenyewe, halafu anakuonyesha alama ya kijani au nyekundu. Awor alikuwa akisema, "Hata seva yetu sisi wenyewe ikidanganya, simu ya mama itakataa." Alilisema hilo kama mtu anayesema jina la mchumba.

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Mkaguzi lazima aanzie mahali. Kichwa cha kwanza kabisa hawezi kukihakiki, anakipokea kwa mtu unayemwamini wewe, wakamwita mdhamini. Ukishamchagua mdhamini, simu yako inachukua kichwa cha kwanza kutoka kwenye simu yake, na kuanzia hapo haimwamini mtu tena. Nilimsikia Egesa siku moja, mdomo umejaa yai, akimwuliza Awor, "Sasa mdhamini mwenyewe akiwa mwongo?" Awor akajibu, "Basi kila kitu kitakuwa kijani na kila kitu kitakuwa uongo. Ndiyo maana mtu achague vizuri." Egesa akatafuna polepole. "Hatujawahi kulipima hilo," akasema. Mimi nikampa yai lingine.

Kuchagua tulichagua kwa siri, ili watu wasigombane. Walitundika kitenge pembeni ya chumba, mtu anaingia na simu yake, anabonyeza jina, anatoka. Wenzetu wa ng'ambo walichagua huko huko kwao. Nikiwa nyuma ya kitenge niliyaona majina yote, na la Auma lilikuwemo. Nikacheka peke yangu. Nani atamchagua mke mwenza? Nikabonyeza Egesa. Karibu sote tulimbonyeza Egesa. Alikuwa amesoma, alikuwa anaimba, na alikuwa anatuita mama.

Halafu kulikuwa na kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki kimevunjika mkono, wakakiweka katikati ya chumba. Unakaa hapo, unapewa simu ya bei ya chini, unaambiwa, "Mama, hakikisha mzigo wako umefika." Vijana wanakaa mbele yako wanakutazama. Hakuna anayekusaidia. Ukiuliza, "Hii nabonyeza?" wanabaki kimya. Egesa aliwaambia mbele yangu, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Msimsaidie. Mkimsaidia mnaharibu data." Mwanamke mmoja muuza dagaa, mkubwa kuliko mimi, alikaa pale akitafuta herufi moja mpaka machozi yakamtoka, na kijana aliyekuwa karibu naye akaandika kwenye kompyuta yake kwamba analia. Aliandika tu. Mwanamke yule alipoinuka hakurudi tena, na Egesa akasema, "Huyo tumempoteza," halafu akamwita anayefuata.

Mimi nilipokaa nilishindwa pia. Nilibonyeza pasipobonyezwa, ukurasa ukafunga, nikaufungua, ukafunga. Nikasikia mtu anacheka kwa pua. Nikamwambia, "Cheka. Na mimi nitakuja kukutazama ukifukuza jogoo." Hakuna aliyejibu, kwa sababu walikatazwa kujibu.

Baadaye walituchukua wanawake wachache mpaka Tororo, hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, ili wageni waliotoa pesa za utafiti watuone. Tulipewa kuku, wali, na maji ya chupa. Nilikuwa nimevaa gomesi yangu ya zambarau, lile gauni letu refu la mabega yaliyosimama. Egesa akazima taa, akawasha mashine, na ukutani akatokea mtu mzee ametoa ulimi pembeni ya mdomo, macho ameyakaza kama anatunga uzi kwenye sindano, kidole kimening'inia juu ya simu. Ilichukua muda kabla sijajua ni mimi. Wageni walicheka, si kwa ubaya, walicheka vile mtu anavyomcheka mbuzi aliyepanda mezani. Egesa akasema, "Huyu ndiye mtumiaji wetu mgumu zaidi. Akiweza yeye, yeyote ataweza." Wakapiga makofi. Muuza ndizi aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Mama Taaka, na huo ulimi ulikuwa unaupeleka wapi?" Nikamwambia ale wali wake.

Toka siku ile niliamua ulimi wangu hawatauona tena. Nilikaa na simu yangu kila nikipata nafasi, nikapika na simu, nikalisha kuku na simu, mpaka nikawa namfungua mkaguzi mwepesi kama ninavyofungua mlango wangu mwenyewe. Nikirudi kwenye kiti nilikuwa nikimaliza kabla hawajakaa sawa. Egesa alinitazama kwa furaha, na niliiona ile furaha nikadhani ni heshima. Kumbe alikuwa amepata mtu wa kupimia jambo lake jingine.

Mzigo uliofuata nilimpa dereva kama kawaida. Jioni nikafungua ukurasa. Alama ya kijani, imehakikiwa, na neno la Auma chini yake: yamevunjika, nusu ya mzigo. Mzigo wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kila mara kijani. Hesabu za pesa tulikuwa tukifanya mwisho wa mwezi, kwa hiyo kati hapo hakukuwa na kitu kingine cha kunionyesha ukweli. Nikampigia simu katikati ya soko, nikaweka spika wenzangu wasikie.

"Auma, mayai yangu yako wapi?"

"Yamefika, nyieka. Mazima yote. Nilibonyeza mazima."

"Simu inasema umebonyeza yamevunjika."

"Simu yako ina wazimu."

"Simu haijaolewa na mume wangu," nikamwambia. "Haina sababu ya kunidanganya. Wewe unayo."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ili Auma asikie, "Aliiba bwana ikapita, ataacha kuiba yai?" Nikacheka na mimi. Kisha Auma akasema, "Ngoja nitazame yangu." Tukamsubiri, soko zima limeinamia simu yangu. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ni kweli," akasema. "Hata hapa kwangu imeandikwa yamevunjika. Na ni kijani." "Basi labda ni macho yangu, nyieka. Hii sukari inakula macho. Labda nabonyeza pasipo penyewe."

Nilikuwa nimeshinda. Mbele ya watu, kwa mdomo wake. Nikamwambia mtu asiyeona asifanye biashara, akae nyumbani achambue mchele. Nikamwita mwizi wa mume na mwizi wa mayai, na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu zake wanajua kusoma. Nikakata. Siku ile ile nikampa dereva jina la mwanamke mwingine wa kupokea mizigo, na Auma nikamfuta kwenye simu. Nilikula chakula cha jioni kwa hamu, sitasema uongo. Samaki wa kukaanga na kisamvu. Nilikula nikitabasamu.

Auma hakuwa na kazi nyingine zaidi ya mayai yangu. Hilo nililijua nilipomkata. Ndiyo maana nilimkata.

Muda ukapita, mvua zikaanza, nikawa naenda chumbani kupika kama kawaida. Mchana mmoja nikiwa uani kwangu nachanganya chakula cha kuku, mikono imejaa unga wa dagaa, nikamwona Awor anaingia. Hakuwahi kufika kwangu. Alisimama karibu na pipa, akaanza kunieleza akilitazama pipa.

"Mama, ile ya mayai kuvunjika. Ilikuwa jaribio."

"Jaribio la nini?"

"La mdhamini mwongo. Egesa alikuwa mdhamini wako. Aliianzisha upya simu yako, akaipa kichwa cha kwanza cha uongo, akajenga mnyororo mwingine nyuma yake, wa kwake peke yake, na sahihi za kwake. Kwenye mnyororo wa kweli mayai yote yalifika mazima. Alitaka kujua utachukua muda gani kushtuka."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Alisema lazima awe aliye mkali kuliko wote. Ukidanganyika wewe, kila mtu atadanganyika." Nikamwuliza na yeye alijua tangu lini. Akasema alijua juzi. Sikumwamini, na mpaka leo simwamini, lakini nilikuwa na swali jingine. Nikamwambia, "Auma naye aliona yamevunjika. Aliona kwenye simu yake mwenyewe, nilimsikia. Egesa alimdanganya na yeye?"

Awor akaacha kulitazama pipa.

"Hapana, mama. Egesa alikulisha uongo wewe tu. Kwa Auma ulipita kwako. Simu yako ilipoanza upya, yake nayo ilianza upya, ikachukua kichwa cha kwanza kwenye simu yako." Nikawa bado namtazama, akadhani sijaelewa, akalirudia kama wanavyowarudia watoto. "Alikuchagua wewe. Kati ya watu wote, Auma peke yake ndiye aliyekuchagua. Kijana wetu wa ng'ambo alimwuliza kwa nini, akasema, Taaka ananichukia mbele yangu, kwa hiyo hana haja ya kunidanganya nyuma yangu."

Niliendelea kuchanganya chakula cha kuku. Kilikuwa kimeshachanganyika. Awor alisubiri nimtukane, alipoona simtukani akaondoka. Nikanawa mikono, nikapiga namba ya Auma ambayo nilikuwa nimeifuta kwenye simu lakini kichwani ilikuwepo. Binti yake akapokea. Hakunisalimia. Akasema, "Mama yuko hospitali. Alianza kutembeza mboga kwa miguu akatobolewa kidole cha mguu na msumari, na kidonda kikakataa kupona. Wamemkata mguu." Halafu akasema, "Mayai yako yanauzika?" Akakata simu. Mpaka ulikuwa bado umefungwa.

Egesa alikuja kwangu mwenyewe, maana wanawake wa sokoni walikuwa wameambiwa na mimi, na wote walifuta ule ukurasa asubuhi moja wamekaa kwenye mafungu yao ya nyanya. Wageni walikuwa wanarudi na hakukuwa na mtu wa kukaa kwenye kiti. Hakuja peke yake. Alimleta mama yake, mwanamke wa rika langu, ameshika kuku jike kwa mabawa. Kwetu ukiletewa kuku na mzazi wa mkosaji, unapokea, mnakula, mambo yanaisha. Yeye alilijua hilo, ndiyo maana alimleta.

Nikawakaribisha sebuleni. Mama yake akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya simenti, akasema, "Mwenzangu, mtoto amekosa." Nilimwacha pale pale. Nikamgeukia kijana.

"Sema wewe."

"Mama, tungekuambia, lisingekuwa jaribio," Egesa akasema. "Na limetusaidia sana. Sasa tunajua mtu mmoja hatoshi kuwa mdhamini. Itabidi wawe wengi, wasiojuana. Watu wengi watalindwa kwa sababu yako."

"Na Auma atalindwa?"

"Kuhusu Auma nasikitika. Hatukutegemea kwamba kuna mtu angekuchagua wewe."

Alisema hivyo, katika nyumba yangu. Mama yake akafumba macho. Hata yeye alisikia. Nikachukua kuku, nikaenda jikoni, nikamchinja, nikampika kwa vitunguu na nyanya na sikufanya haraka. Wakati wote huo mama wa watu alikuwa bado amepiga magoti, kwa sababu sikumwambia ainuke, na mwanamke aliyelelewa vizuri hainuki mpaka aambiwe. Nilikuwa namwona kupitia mlangoni akihamisha uzito goti hadi goti. Egesa alimwambia, "Mama, kaa kwenye kiti," naye akamjibu kwa ukali, "Nyamaza, wewe ndiye uliyeniweka hapa." Chakula kilipoiva niliweka sahani mbili mezani, kuku wote, mpaka kidari na firigisi. Nikamwinua mama yake, nikamkalisha, nikawaambia wale. Mimi nikakaa mbele yao kwenye kigoda, mikono magotini, nikawatazama.

"Wewe huli?" akaniuliza yule mama.

"Kuku ni wenu," nikasema. "Mmekuja naye, ondokeni naye tumboni."

Alielewa. Machozi yalimtoka akitafuna. Egesa alijaribu kusema jambo, nikamwambia, "Usimsaidie. Utaharibu." Walikula mpaka mwisho, maana kubakiza kwangu kungekuwa tusi juu ya tusi. Nimesikia watu wakisema nilikuwa mkatili kwa mama asiye na kosa. Ndiyo, hakuwa na kosa. Auma naye hakuwa nalo. Kikundi chao kilifunga chumba baada ya hapo. Awor alikosa kazi pamoja nao, akarudi kwao Tororo. Egesa hakukosa kitu, leo ana ofisi Kampala na nasikia lile jaribio ndilo lililompeleka. Nasikia pia ule ukurasa sasa unataka wadhamini wengi, si mmoja. Sawa. Umelipiwa.

Watu wa miguu waliporuhusiwa tena kuvuka, nilikuwa getini kabla halijafunguliwa. Nilimkuta Auma kwenye nyumba yake, amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kanga imefunika mahali mguu ulipokuwa. Alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nisimame mlangoni kwa muda.

"Umekuja kuhesabu miguu?" akaniuliza.

"Nimekuja na mayai."

"Weka hapo. Mazima?"

"Hesabu mwenyewe."

"Mimi sioni, nyieka. Si ulisema?"

Nikakaa chini. Nikaanza kumweleza habari za Egesa na kichwa cha kwanza na mnyororo wa uongo. Akanikatiza, akasema anajua, yule msichana alimpigia akamweleza kabla hajanieleza mimi. Nikamwuliza, kama alijua, mbona hakunipigia simu kunitukana. Ilikuwa haki yake.

"Ulikuwa umefuta namba," akasema. "Ningejuaje kama utapokea?"

Binti yake alituletea chai ya maziwa, yangu akaitua kwa kishindo ikamwagika kwenye sahani. Auma aliinywa yake yote, kisha akanisogezea simu yake kwenye mkeka. Alisema ule ukurasa bado umo, hajaufuta, nimfutie, maana yeye hawezi. Nikaufungua. Pale panapoandikwa jina la mdhamini palikuwa bado na langu. Nikamwuliza, "Hukubadilisha?"

"Niweke nani?" akasema. "Huna akili, lakini nakujua."

Sikumwomba msamaha, naye hakuutaka. Angeniomba nimwombe ningekataa, na yeye alilijua hilo pia. Nilimfutia ukurasa, nikaosha vikombe, nikarudi kabla jua halijazama. Toka siku hiyo nilimpelekea mayai kwa mkono wangu, na tulihesabu mimi nikitaja kwa sauti na yeye akisikiliza, na akinikatiza mara kwa mara kusema nimeruka moja. Sikuwa nimeruka. Tulifanya hivyo mpaka alipokufa.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya. Mabanda mawili ya kuku wa mayai. Shamba la mihogo Sikuda, halina mgogoro. Baiskeli mbili na pikipiki moja ambayo siiendeshi. Ng'ombe mmoja wa maziwa. Tangi la maji. Gomesi sita. Simu moja, ya kupiga na kupokea tu. Meno yangu mengi. Mahali pa kuzikwa sina. Upande wa kushoto wa kaburi la mume wetu palikuwa pa mke mkubwa, pangu, na juzi nimewaambia wachimba kaburi wachimbe pale, nikamlaza Auma.